Kompyuta Mbili, Lahaja Mbili: Historia Fupi ya Kugawana Mafaili Nyumbani



Mwaka 2018, binti yangu alipokuwa akijiandaa kuolewa, aliniuliza swali dogo lililonikosesha usingizi. "Baba, ile sauti ya Bibi iko wapi?" Nikamjibu kwamba ipo. "Ipo wapi?" Hapo nikakohoa kidogo, nikasema ipo chini ya ngazi.

Nieleze. Mama yangu alikuja kututembelea hapa Uingereza kiangazi cha mwaka 1999. Siku moja nilimkalisha mbele ya kompyuta yetu ya Windows 98, nikachomeka kipaza sauti, nikamwomba anisimulie ukoo wetu wa Pangani: nani kamzaa nani, nani alitokea wapi, na nyimbo gani aliimbiwa yeye siku ya harusi yake. Alizungumza dakika 40. Alipomaliza, faili lilikuwa na megabaiti 100 na ushei. Disketi ya siku zile ilibeba megabaiti 1.44. Pigeni hesabu wenyewe: disketi zaidi ya 70 kwa mazungumzo ya mama mmoja. Basi faili likabaki palepale lilipozaliwa.

Mwaka 2002 tukanunua kompyuta ya pili, ya Windows XP, ikakaa sebuleni. Ile kongwe ikapanda juu, chumba cha watoto. Mimi mhandisi bwana, nikanunua kadi za mtandao na waya, nikatoboa dari, na baada ya jioni mbili za kuhangaika nikawa nakaa sebuleni nasikiliza sauti ya mama iliyomo katika mashine ya juu. Nilijiona nimefika. Na kwa kuwa sasa niliisikia popote nyumbani, sikuona haja ya kuinakili.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Nimeandika makala haya ili nieleze jinsi kosa hilo lilivyowezekana, kwa sababu nyuma yake iko historia ya zaidi ya miaka 40, na naamini wengi wetu tumo ndani yake bila kujua.

Mtaa usio na namba za nyumba

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kompyuta ndogo za IBM ziliendeshwa na DOS, na DOS ilijua diski za mashine yake tu. Mwaka 1983 mhandisi wa IBM, Barry Feigenbaum, akabuni namna ya kuihadaa. Programu inapoomba faili, ombi lake linakamatwa njiani, linafungwa kama kifurushi, linapelekwa kwa waya hadi mashine nyingine, na jibu linarudishwa. Programu yenyewe haitambui kwamba faili halikuwamo humo. Utaratibu huo, au itifaki kama tunavyosema mafundi, kwanza uliitwa BAF kwa herufi za jina lake, kisha kabla ya kutolewa ukabadilishwa jina ukawa SMB. Jina hilo linatumika mpaka leo.

SMB ilibebwa na kitu kiitwacho NetBIOS, ambacho kampuni ya Sytek ilikitengeneza kwa ajili ya IBM. Humo hamkuwa na daftari la anwani. Kila mashine ilichagua jina lisilozidi herufi 15, na ilipowashwa ilipiga ukelele mtandaoni: jina hili nalichukua mimi, yupo mwenye nalo? Ikinyamaziwa, jina ni lake. Na ukitaka kumpata mwenzio, unaita jina lake na yeye anaitika. Ni sawa na mtaa usio na namba za nyumba, ambako mgeni husimama njiani akaita. Mtaa wa watu kumi wanaojuana hauhitaji zaidi ya hapo. Naomba mkumbuke neno hilo, "wanaojuana", tutalirudia.

Microsoft ikaichukua SMB na kuiendeleza, kwanza katika LAN Manager ya mwaka 1987 pamoja na kampuni ya 3Com, kisha katika Windows for Workgroups iliyotoka Oktoba 1992. Lakini kilichoingiza mambo haya katika nyumba za watu wa kawaida ni Windows 95, Agosti 1995. Ulibonyeza folda, ukachagua kuifungua kwa wengine, na chini ya picha ya folda ukatokea mkono umeibeba, kama mtu anayekukaribisha sahani ya halua.

Salamu ya lahaja

Sasa niwaeleze jambo ambalo Mswahili atalielewa haraka kuliko mtu mwingine. Mashine mbili za SMB zinapokutana, kabla ya faili lolote kupita, zinasalimiana. Anayebisha hodi hutaja orodha ya lahaja anazozijua, naye mwenyeji huchagua iliyo mpya kabisa kati ya zile wanazozielewa wote wawili. Neno "lahaja" si langu, ndilo lililoandikwa katika nyaraka za itifaki yenyewe. Ilikuwapo lahaja ya mtandao wa kwanza wa IBM, zikaja za LAN Manager, ikaja ya Windows NT. Toleo jipya lilizijua zote za nyuma, ndiyo maana kompyuta ya mwaka 2002 iliweza kuongea na ya mwaka 1998.

Lakini lugha moja haitoshi kuleta maelewano, kama tunavyojua katika vyama vyetu. Nilipokuwa nahangaika zile jioni mbili za mwaka 2002, kumbe tatizo la kwanza lilikuwa dogo la kuchekesha. Windows 98 ilikuja na jina la kikundi WORKGROUP, na XP ya nyumbani ilikuja na MSHOME. Mashine zangu zilikuwa kwenye waya mmoja, lakini kila moja ikitazama orodha ya kikundi chake.

Tatizo la pili lilikuwa orodha yenyewe. Mashine za kikundi zilifanya uchaguzi wa kumpata mtunza orodha, na mojawapo ya sifa za kushinda ilikuwa aina na toleo la Windows: iliyo mpya ilimshinda mzee. Kisha kila mashine ilitangaza kwamba ipo, mara moja kila dakika 12, na mtunza orodha hakumfuta mtu mpaka akose matangazo yake matatu. Ndiyo maana ulizima kompyuta ya juu na jina lake likaendelea kuonekana chini kwa zaidi ya nusu saa, kama marehemu ambaye jina lake halijaondolewa kwenye daftari la wapiga kura. Na ukiiwasha, ungeweza kusubiri hadi ukate tamaa. Wangapi kati yetu tulidhani tumeharibu kitu, kumbe ilikuwa suala la kunywa chai na kungoja?

Tatizo la tatu ndilo kubwa. Windows 98 iliuliza neno la siri la folda: ukilijua, pita, awe nani awaye. XP, iliyotokana na ukoo wa NT, iliuliza kwanza: wewe ni nani? Na XP ya nyumbani, ili kupunguza usumbufu, ilimhesabu kila anayetoka mtandaoni kuwa ni mgeni tu. Hizi ni fikra mbili tofauti za ulinzi. Ya kwanza inalinda mlango, ya pili inamtambua mtu.

Na ule ulinzi wa mlango ulikuwa mwepesi kuliko tulivyodhani. Oktoba 2000 Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro iliyokuwamo katika Windows 95, 98 na Me. Bawabu alikuwa akimwuliza mgeni neno la siri, na mgeni mwenyewe ndiye aliyesema lina urefu gani. Akisema ni herufi moja, bawabu alikagua herufi moja tu. Kwa hiyo neno la siri la herufi nane lilivunjwa kwa kubahatisha herufi ya kwanza! Niliposoma habari hiyo nilikumbuka lile neno "wanaojuana". Nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya majirani, kisha barabara kuu ya dunia ikapitishwa mbele ya mlango wake.

Mtu aliyekaa akasikiliza

Katika historia hii yuko mtu mmoja ninayemheshimu sana. Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra. Desemba 1991 alitaka kompyuta yake ya DOS ifikie mafaili yaliyokuwa kwenye mashine ya Unix. Itifaki aliyokuwa akiitumia hakupewa maelezo yake. Akafanya nini? Akatega sikio kwenye waya, akarekodi mashine zikiongea, akajaribu kujibu, akakosea, akajaribu tena. Baadaye alieleza kazi hiyo kwa mfano wa mtu anayejifunza Kifaransa kwa kukaa mgahawani: anasikiliza mteja kasema nini na mhudumu kaleta nini, mpaka naye anaweza kuagiza. Wengi wetu tulijifunza Kiingereza cha mtaani hapa kwa njia hiyohiyo, kwenye kituo cha basi na kwenye foleni ya duka.

Toleo la kwanza alilitoa Januari 1992, akaliweka kando. Karibu miaka miwili baadaye alitaka kuunganisha kompyuta ya Windows ya mke wake na yake ya Linux, pale nyumbani. Akajaribu programu yake ya zamani, ikafanya kazi! Kumbe alichokuwa amejifunza kwa kusikiliza ni SMB ileile ya Microsoft. Mwaka 1994 ikambidi abadilishe jina la programu kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa inalimiliki. Akaiamuru kompyuta imtafutie katika kamusi maneno yanayoanza na S na yenye M na B ndani yake, kwa mpangilio huo. Akapata machache, mojawapo samba, ile ngoma ya Brazili. Hakujua Kiswahili, maskini, lakini sisi tunasikia sambaza humo ndani, na kwa hakika ndiyo kazi yake. Samba ilitolewa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, na imewekwa katika vifaa vingi vidogo vya kuhifadhia mafaili ambavyo watu hununua kwa matumizi ya nyumbani.

Kusikiliza kuna mwisho wake. Mashine zilivyozidi kuwa ngumu, kubahatisha maana ya kila neno kulichosha, na suala likafika mbele ya sheria. Kampuni ya Sun ililalamika kwa Tume ya Ulaya mwaka 1998. Tarehe 24 Machi 2004 Tume iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497, na miongoni mwa maamrisho yake ni kwamba itoe maelezo yatakayowezesha seva za wengine kuelewana na Windows. Microsoft ikakata rufaa, na tarehe 17 Septemba 2007 mahakama ya Luxembourg ikaithibitisha hukumu hiyo. Desemba mwaka huohuo watu wa Samba walipata nyaraka hizo kwa makubaliano, kwa malipo ya mara moja ya yuro 10,000. Baada ya miaka 16 ya kusikiliza kutoka meza ya jirani, wakapewa kamusi.

Lahaja ya kwanza inapouawa

Windows Vista ilipotoka madukani Januari 2007 ilileta SMB ya pili, iliyoandikwa upya. Ile ya kwanza ilikuwa imekusanya amri zaidi ya 100. Ya pili ilikuwa na 19 tu. Ya tatu ikafuata na Windows 8 mwaka 2012. Lakini kila toleo jipya liliendelea kuijua ile ya kwanza, kwa heshima ya wazee. Na kupitia heshima hiyo ndipo adui alipoingia.

Septemba 2016 mhandisi wa Microsoft, Ned Pyle, aliandika hadharani akiwasihi watu waache kuitumia SMB ya kwanza. Wachache walisikia. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ilitoa kiraka cha tundu kubwa ndani ya lahaja hiyo. Mwezi uliofuata silaha ya kulitumia tundu hilo, iliyotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani la NSA, ikamwagwa hadharani na kundi lililojiita Shadow Brokers. Ijumaa tarehe 12 Mei 2017 kikatokea kirusi cha WannaCry. Kiliruka kutoka mashine hadi mashine chenyewe, kikafunga mafaili na kudai fidia, katika nchi zaidi ya 150.

Wale tunaoishi England tunaikumbuka siku ile, kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu wanaofanya kazi hospitalini. Ofisi ya Ukaguzi wa Taifa ilieleza baadaye kwamba taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali za umma zilivurugika, kliniki 595 za madaktari wa mitaa zikaambukizwa, na miadi ya wagonjwa iliyofutwa ikakadiriwa kupita 19,000. Watu wengi walizilaumu kompyuta za XP. Kumbe nyingi ya mashine zilizoambukizwa huko zilikuwa za Windows 7, zilizokuwa zikiletewa viraka lakini hazikutiwa. Kilichosaidia kukizuia kirusi ni kijana aliyekuwa Devon, Marcus Hutchins, aliyeona kwamba kinaulizia anwani fulani ya intaneti isiyo na mwenyewe, akaisajili, nacho kikasita.

Baada ya hapo lahaja ya kwanza ilihukumiwa. Kuanzia toleo la Oktoba 2017, Windows 10 iliyosimikwa upya haikuja tena na uwezo wa kumpokea anayeisema. Mwaka uliofuata ikaondolewa HomeGroup pia, ile njia nyepesi ya kuunganisha kompyuta za nyumbani iliyoletwa na Windows 7 mwaka 2009. Siwalaumu. Kama ningekuwa mimi, ningefanya hivyohivyo. Ila tofauti na lugha zetu niione. Kiunguja kilipochukuliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita na Kiamu viliendelea kusemwa barazani na jikoni bila ruhusa ya mtu. Lahaja ya kompyuta ikifutwa katika toleo jipya, mzee aliyebaki nayo hana wa kuzungumza naye.

Chini ya ngazi

Basi mwaka 2018 nilimtoa mzee wetu chini ya ngazi, nikampangusa vumbi, nikawasha. Aliwaka, akidai tuko mwaka 1998. Faili lilikuwapo. Kompyuta mpya ya binti yangu haikumwona kabisa, na ilikuwa na haki yake. Vijiti vya kuhifadhia vya kisasa Windows 98 haikuvijua bila programu ya ziada, ambayo sikuwa nayo. Kifaa chake cha CD kilikuwa cha kusoma tu. Kufungua mashine na kuchomoa diski niliogopa, kwa kuwa ilikuwa inalia kama kinu.

Nikatafuta mkalimani. Nilichukua kompyuta ya mkononi iliyochakaa, nikaiwekea Linux na Samba, nikairuhusu kuisikiliza lahaja ya kale, nikafungua folda moja tupu. Intaneti nikaizima kabisa, nikaziunganisha mashine mbili peke yake kwa swichi ndogo ya zamani, nikayaweka majina katika kikundi kimoja, nikaketi na chai yangu kungoja. Baada ya muda jina la mkalimani likatokea kwenye kioo cha mzee. Nikalivuta faili. Kwa dakika chache likavuka, na kutoka hapo likaingia kwenye kijiti, na kutoka kwenye kijiti likafika kwa mwenyewe. Likafunguka bila tatizo lolote. Faili halikuwa limezeeka hata kidogo. Kilichozeeka ni njia ya kulifikia.

Hapo nikalitazama kosa langu vizuri. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wao hawakuwahi kuiona diski. Mimi nilidhani kwa kuwa naifikia sauti ya mama kutoka sebuleni, basi ninayo. Kumbe nilikuwa na ruhusa ya kuisikiliza tu, nayo ilitegemea mashine mbili kuendelea kuelewana. Mama alifariki mwaka 2009. Kwa miaka 9 baada ya hapo sauti yake ilikuwa nakala moja, katika diski moja, ndani ya mashine ambayo mke wangu aliniuliza zaidi ya mara tatu kama aitupe.

Nawasihi basi, ndugu zangu, mtazame chini ya ngazi zenu. Viraka vya kawaida vya Windows 10 vilisimama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu zimeanza safari ileile ya mzee wetu. Mtu akikwambia uirudishe lahaja ya kale katika kompyuta unayofanyia kazi za benki, usikubali. Mtafutie mzee mkalimani, mbali na intaneti, umalize shughuli kisha umfungie. Na kile mtakachokitoa, msikiweke mahali pamoja. Cha kwetu kiko hapa Uingereza, kiko Tanga kwa dada yangu, na kiko Muscat kwa binamu.

Binti yangu aliisikiliza siku tatu kabla ya harusi, yeye na shangazi zake, wakajifunza wimbo mmoja ambao hakuna aliyekuwa ameubakisha. Mwanzoni mwa faili, kabla ya ukoo na kabla ya nyimbo, mama anasikika akiniuliza: "Mwanangu, hii mashine inasikia kweli, au najisemea peke yangu?" Nami nasikika nikimjibu kwa kujiamini kabisa kwamba inasikia, asiwe na wasiwasi.

Wasalaam.